Je, wajua kwa nini bandura ina nyuzi zaidi ya 50?

Ukimwona mtu kaipakata bandura, ala ya jadi ya Ukraine, utadhani ni udi uliovimba upande mmoja. Kisha unaanza kuhesabu nyuzi: 55, 60, hata 65. Vidole kumi vinazimudu vipi?

Vinazimudu kwa sababu hazibonyezwi. Mpiga gita hubonyeza uzi shingoni, hivyo uzi mmoja humpa sauti nyingi. Kwenye bandura ya leo kila uzi una sauti yake moja tu, kama kinubi. Nyuzi nene za besi hupita shingoni. Zile nyembamba, prystrunky, zimetandazwa juu ya tumbo la ala. Ukitaka sauti zaidi, huna budi kuongeza nyuzi. (Mpenzi wa taarabu ataikumbuka ala iitwayo kanuni.)

Na mlio? Nyuzi za chuma zikishadonolewa huendelea kuvuma mpaka mpigaji azizime kwa mkono. Sauti mpya huikuta ya kwanza bado ingali hewani, zikachanganyika kama kengele za mbali. Kwangu mimi, huo ndio utamu wake wote.

Zamani nyuzi zilikuwa chache. Katika karne ya 19 bandura ya kijijini ilikuwa na kama 20 hivi, nazo zilimtosha kobzari, mwimbaji msafiri, mara nyingi kipofu, aliyeimba dumy: tenzi za vita vya Wakozaki, wapiganaji wa zamani wa Ukraine, na vilio vya mateka. Mashuhuri wao, Ostap Veresai, aliimba mbele ya wasomi wa Kyiv mwaka 1873. Miaka mitatu baadaye amri ya mfalme wa Urusi ilipiga marufuku maonyesho ya jukwaani kwa Kiukraine.

Aliyeivuta bandura kuelekea jukwaani ni Hnat Khotkevych, mhandisi wa reli. Mwaka 1902 aliwakusanya kobzari wakapiga pamoja mjini Kharkiv, na mwaka 1909 akachapisha kitabu cha mafunzo ya bandura. Utawala wa Stalin ulimpiga risasi mwaka 1938.

Ala yenyewe iliendelea kukua. Muziki wa jukwaani ulidai nusu-sauti zote, zile za vibonyezo vyeusi vya piano, na kila nusu-sauti ikadai uzi wake. Kabla ya onyesho, mpigaji huzikaza zote kwa ufunguo, mmoja baada ya mwingine.