Kupanda Kilimanjaro: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Kwa kuwa kilele cha Uhuru, chenye urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, hufikiwa kwa miguu bila kamba wala ujuzi wa kukwea miamba, wengi huuchukulia Mlima Kilimanjaro kuwa ni matembezi marefu yanayohitaji miguu imara tu. Kwamba ni matembezi, ni kweli. Hatari yake haitokani na ukali wa miinuko, bali inatokana na urahisi wa mtu kupanda upesi kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mwenye mazoezi hapatwi na maradhi ya mwinuko, yaani yale yanayompata mtu anapopanda juu kabla mwili haujazoea. Martina Navratilova, bingwa wa tenisi, alilazimika kushushwa mlimani Desemba 2010 baada ya mapafu yake kuanza kujaa maji. Mazoezi humwezesha mtu asichoke mapema, lakini hayauharakishi mwili kuzoea hewa ya juu. Tena mwenye nguvu ana mtego wake, kwani ndiye anayewaona waongozaji wakimchelewesha kila wanapomwambia «pole pole».

Husemwa pia kwamba kileleni hewa ina oksijeni chache. Kwa hakika sehemu ya oksijeni hewani ni ile ile ya pwani, takriban asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kule juu ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, hivyo kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mwili umeizoea. Mwili hujirekebisha, ila kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo sifa ya njia ya Marangu kuwa nyepesi inapopotosha. Ina vibanda vya kulala na miinuko yake ni ya taratibu, lakini anayeipanda kwa siku tano hutoka kambi ya Horombo, mita 3,720, hadi kambi ya Kibo, mita 4,720, kisha usiku huo huo huanza safari ya kileleni, ilhali ushauri wa kitabibu ni kutoongeza zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kila usiku ukishapita mita 3,000. Njia ya Machame ina miinuko mikali zaidi, lakini humpandisha mtu hadi mwamba wa Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, kisha humshusha akalale kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Kwa maoni yangu, anayetaka kubana matumizi apunguze kitu kingine chochote kabla ya kupunguza siku.

Wapo wanaoikwepa asetazolamaidi, dawa ya kuzuia maradhi ya mwinuko, wakidai kwamba huficha dalili. Haifichi; huchochea upumuaji na kuharakisha kuzoea, ingawa ni ya kutumia kwa ushauri wa daktari.

Imani ya hatari kuliko zote ni kwamba anayeumwa ajikaze. Maumivu ya kichwa yanayotulia baada ya kupumzika ni ya kawaida. Lakini anayehema akiwa ameketi, au anayekohoa mapovu yenye rangi ya damu, ana maji mapafuni; naye anayeambiwa atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole, akapepesuka, huenda ubongo wake umeanza kuvimba. Watu hawa hushushwa mara moja, hata kama ni usiku.

Kuhusu baridi, ukaribu wa ikweta haumwokoi mtu: safari ya kileleni huanza karibu saa sita usiku, na maji yaliyomo kwenye mpira wa kunywea huganda njiani.

Wengine hudhani kwamba kazi huishia Uhuru. Kwa njia ya Machame, siku hiyo hiyo mtu huteremka hadi kambi ya Mweka, takriban mita 3,100, magoti yakibeba uzito wote juu ya changarawe zinazoteleza, naye hajalala usiku kucha. Fimbo mbili za kutembelea na kucha zilizokatwa fupi husaidia sana hapo.