Umefunga masaa 16, je mswaki nao umefunga?

Kuna dada alikuja kliniki anaongea huku kafunika mdomo na mkono. Ana miezi mitatu kwenye kufunga, anafunga saa 2 usiku anafungulia saa 6 mchana, kilo zimeshuka, nguo zinamkaa vizuri, ila kila akipiga mswaki povu linatoka la pinki. Kwenye grupu lao la WhatsApp kaambiwa ni sumu inatoka mwilini. Jamani. Fizi ikitoka damu ujue imevimba, na mara nyingi kilichoivimbisha ni ukoga uliokaa pale jino linapoingia kwenye fizi.

Nikamuuliza, asubuhi unapiga mswaki? Akacheka. "Sasa daktari, si nakuwa sijala kitu? Halafu dawa ya meno si itanifunguza?"

Ndo hapo penyewe. Ukoga ni bakteria, na hao hawasubiri saa 6 mchana, wanaishi hata kwa mate yako tu. Mwaka 1965 kule Denmark Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kusafisha meno, ndani ya siku 10 hadi 21 wote fizi zikavimba, waliporudia mswaki zikapona kwa kama wiki moja hivi. Na wale walikuwa wanakula kawaida. Dawa ya meno unaitema bwana, humezi. Wanaofunga Ramadhani hili walishalimaliza zamani, mswaki baada ya daku, mchana mswaki wa mti.

Halafu kuna mate. Kutafuna ndo kunayaita, sasa usipotafuna masaa 16 na nusu yake umelala, mdomo unakauka, na mate ndo yanaosha meno na kupoza asidi. Ile harufu ya mdomoni kama dawa ya kufutia rangi ya kucha ni mwili unachoma mafuta, hiyo mswaki hauiondoi, kunywa maji.

Ila sio kwamba kufunga ni kubaya kwa fizi, mi naona kunaweza kusaidia kabisa, inategemea kumekuondolea nini. Kuna utafiti wa Uswisi wa 2009, watu 10 waliishi wiki 4 kama watu wa zama za mawe, hakuna sukari ya dukani, hakuna mswaki wa dukani. Ukoga uliongezeka, lakini sehemu za fizi zinazotoka damu zikashuka kutoka kama asilimia 35 hadi 13. Watu 10 ni wachache, sawa, ila ndo maana huwa nauliza: kufunga kumekutoa kwenye andazi la saa 4 na soda ya saa 10? Basi fizi zitakushukuru. Lakini kama unafungulia saa 6 halafu unadonoa biskuti na juisi mpaka saa 2 usiku, hapo umehamisha tu ratiba. (Mwenye kisukari anayetumia dawa aongee kwanza na daktari wake, na fizi zake aziangalie mara mbili, sukari ikipanda fizi zinaharibika na fizi zikiharibika sukari inakuwa ngumu kushuka.)

Kilichonishtua kwa yule dada kilikuwa kwenye pochi. Chupa ya maji ya limau, anaisipu tangu asubuhi "kusafisha tumbo". Meno ya mbele ncha zimeshakuwa nyembamba, ukimulika taa inapita. Limau haliumizi fizi sana, linakula jino, na ukipiga mswaki hapo hapo unamalizia kazi, suuza kwa maji kwanza usubiri kama nusu saa. Kahawa chungu mi sina shida nayo, shida ni kashata yake.

Nikampima kina cha upenyo kati ya fizi na jino kwa kile kijiti chenye alama, kwingi milimita 2 na 3, hiyo ni kawaida, nyuma huko sehemu mbili zina 5, hapo fizi imeanza kuachia jino. Nikamkwangua ukoga, arudi baada ya wiki 6, na kufunga aendelee tu. Akasema niyaandike haya ayarushe kwenye grupu lao, ndo haya.