Je, wajua viza iliyoisha ya kijana mzaliwa wa Kenya ndo ililing'oa Bunge la Marekani meno ya kuzuia silaha?

Kila Marekani ikitaka kuuza ndege za kivita au mabomu mahali kunakowaka moto, watu wanauliza, sasa si wana Bunge, mbona halizuii? Na sheria ipo kabisa, ya mwaka 1976. Inamtaka rais alitaarifu Bunge kabla ya kuuza mzigo mkubwa, kwa nchi nyingi ni kuanzia dola milioni 14 kwa mitambo mikubwa ya kivita au milioni 50 kwa vifaa na huduma zingine za kijeshi, halafu wabunge wana siku 30 za kupinga (NATO na marafiki wachache wa karibu ni siku 15 tu). Hata Kenya imepitia hapo, Januari 2017 Bunge lilipelekewa taarifa ya ndege hadi 12 za Air Tractor zenye silaha, mzigo wa dola milioni 418, na mbunge Ted Budd wa North Carolina akaja juu akitaka dili lichunguzwe.

Ila tangu 1976 hakuna dili hata moja lililowahi kufa kwa azimio la kupinga. Hata moja!

Sasa twende kwa huyo kijana. Anaitwa Jagdish Rai Chadha, kazaliwa Kenya kwa wazazi Wahindi, ana pasipoti ya Uingereza, akaenda kusoma Ohio mwaka 1966. Viza ikaisha 1972 na hana pa kurudi, Kenya haimtambui kama raia wake, Uingereza nayo inamzungusha. Jaji wa uhamiaji akamwonea huruma akasema abaki. Lakini Bunge la Marekani lina vyumba viwili, Baraza la Wawakilishi na Seneti, na enzi hizo sheria iliruhusu chumba kimoja tu kufuta uamuzi kama huo, na Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi likafanya hivyo kweli, likachomoa majina sita kati ya 340, la Chadha likiwemo, bila hata mjadala wa maana. Jamaa hakukubali. Akaenda mahakamani, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Juni 1983 majaji 7 kwa 2 wakasema Bunge haliwezi kufuta uamuzi wa serikali kwa azimio lake peke yake, lazima lipite vyumba vyote viwili halafu liende kwa rais kama sheria nyingine yoyote.

Chadha akapona. Ila Jaji White, aliyepinga hukumu, alionya kwamba imegusa vipengele vya sheria karibu 200, na cha silaha kilikuwa humo humo.

Maana kabla ya hapo vyumba viwili vikipiga kura ya kawaida ya kupinga, dili limeisha, rais hana la kusema. Ndo maana mwaka 1981 Rais Reagan alihangaika kweli kweli kuwauzia Saudia ndege za rada za AWACS, Wawakilishi walishalikataa dili kwa kura 301 kwa 111 na akaponea Seneti, 52 kwa 48. Baada ya hukumu ya Chadha sheria ilibidi irekebishwe mwaka 1986, azimio la kupinga sasa linahitaji saini ya rais, yaani huyo huyo anayetaka kuuza! Akikataa kusaini, Bunge litafute theluthi mbili kila chumba. Mwaka huo huo vyumba vyote viwili vikapinga makombora ya Saudia, Reagan akapiga veto, na Seneti ikapata kura 66 za kuipindua wakati zinatakiwa 67. Kura moja jamani.

Kinachobana kidogo siku hizi hakimo hata kwenye sheria. Kabla taarifa rasmi haijatumwa, serikali inawaonyesha kwanza wakubwa wa kamati za mambo ya nje, na mmoja wao akisema ngoja, kwa kawaida dili linakaa. Uturuki ilisubiri ndege za F-16 hivyo hivyo, zikaruhusiwa Januari 2024 baada ya kuikubalia Sweden kuingia NATO. Lakini ni desturi tu, rais akitaka anairuka.

Na iliwahi kurukwa, kwa jambo linaloniuma mpaka leo kwa sababu ni Yemen, nchi ambayo familia nyingi za pwani yetu zina asili huko. Seneta Menendez, mmoja wa wakubwa hao wa kamati, alikuwa ameyashikilia mabomu ya Saudia na Emirati kwa ajili ya raia waliokuwa wanauawa kwenye vita vyao huko Yemen, basi Mei 2019 serikali ya Trump ikatangaza dharura, kipengele kilichomo kwenye sheria yenyewe cha kuuza bila kusubiri Bunge, ikapitisha dili 22 za kama dola bilioni 8 kwa mpigo. Vyumba vyote viwili vikapitisha maazimio matatu ya kupinga. Trump akapiga veto yote matatu, na tarehe 29 Julai Seneti ikajaribu kuzipindua, theluthi mbili haikupatikana hata kwa moja.