Jua Kali Si Umeme Mwingi

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaamini kwamba paneli ya sola hutoa umeme mwingi zaidi kadiri jua linavyochoma, na ndiyo maana fundi akiibana juu ya bati bila kuacha nafasi, mwenye nyumba huona kazi imefanyika vizuri. Imani hiyo inachanganya mwanga na joto. Paneli huzalisha umeme kutokana na mwanga; joto huipunguzia nguvu.

Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma hupimwa seli, yaani vipande vya paneli vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zikiwa na nyuzijoto 25 za Selsiasi, hali ambayo ni vigumu kuipata juu ya paa la Mbagala saa saba mchana mwezi Februari, kwani hapo seli hufika nyuzi 60 kwa urahisi. Silikoni, yaani malighafi ya seli hizo, ikipata joto, volti hushuka, ilhali mkondo wa umeme huongezeka kidogo mno, usiweze kufidia hasara hiyo. Kwa paneli nyingi za silikoni upungufu ni kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Hivyo paneli ya wati 100, hata ikipata mwanga kamili, hubakiwa na wati 86 hivi. Mnunuzi hajatapeliwa, na ningependa hilo lieleweke, maana mafundi wengi hulaumiwa bure.

Kinachosaidia ni hewa. Paneli ikiinuliwa kwa vyuma sentimita 10 au zaidi kutoka kwenye bati, upepo wa baharini hupita chini yake na kuipoza.