Majahazi yaliishi kwa boriti, si kwa pembe

Kila ninapozungumzia vyombo vya kale vya Bahari ya Hindi, maswali huwa yaleyale: dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu, karafuu za Unguja. Hakuna anayeniuliza habari za mikoko. Nami, kwa miaka niliyotumia kuchunguza vyombo vya mbao, nimeishia kuamini kwamba ukitaka kuielewa biashara hii, anza na shehena iliyojaa tumboni mwa chombo: boriti za mikoko, tende, chumvi, papa mkavu. Vitu vizito, bei yake ndogo, na vilisafirishwa kila mwaka bila kukosa.

Sababu ya kwanza iko kwenye chombo chenyewe. Jahazi lina tanga kubwa la pembetatu lililofungwa kwenye foromali ndefu, yaani mti unaolishikilia tanga, na mlingoti wake umeinamia mbele. Tanga la namna hiyo lina nguvu nyingi. Chombo kikiwa kitupu huelea juujuu, na upepo ukilijaza tanga ghafla kinalala ubavu. Lazima kiwe na uzito chini, yaani farumi. Mawe yanatosha kwa kazi hiyo, ila mawe hayana mnunuzi. Nahodha anayeijua biashara yake alitafuta farumi ya kuuzwa bandari ya mbele. Akishuka kutoka Basra alijaza makanda ya tende. Akirudi alijaza boriti. Pembe haiwezi kufanya kazi hiyo. Hata tajiri hakupata pembe za kujaza chombo kizima, na alizozipata aliziweka mahali pakavu, si chini kabisa ambako maji hayakosekani.

Boriti ni mkoko uliokatwa na kuambuliwa gome. Mkoko mbichi ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mchwa hawaupendi. Wafanyabiashara waliupanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila daraja na bei yake, na waliuhesabu kwa korija, miti 20 kila korija. Ulitoka visiwa vya Lamu na delta ya Rufiji, kwenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Ulikwenda Hadhramaut, Oman, Bahrain, Kuwait, nchi za jua kali ambako mti wa kuezekea dari ni shida kuupata.

Biashara hii ni ya kale. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji, yaani mti wa mtiki, na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu. Ushahidi mwingine unaonekana mpaka leo: ingia nyumba ya mawe ya Lamu, kisha ingia nyumba ya zamani ya Ghuba ya Uajemi, utakuta vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake mita 3 hivi, mara nyingi pungufu. Huo ndio urefu wa boriti ukiondoa ncha zinazoingia ukutani. Mwashi angeweza kuota ukumbi mpana, ila mkoko ulikuwa na neno la mwisho.

Shehena hiyo ndiyo iliyoamua pia umbo la vyombo. Boriti hazipakiwi gatini. Zinapakiwa kwenye mikono ya delta, maji yakitoka chombo kinakaa matopeni, yakijaa kinanyanyuka. Kwa hiyo tumbo liwe pana na mkuku, uti wa chini wa chombo, uwe imara. Mtepe, chombo cha kushonwa cha visiwa vya Wabajuni na Pate, ulikuwa hodari wa kazi hiyo. Mbao zake hazikupigwa misumari. Ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi zilizopitishwa kwenye matundu, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Ukigusa mwamba au kukalia mchanga, ubavu ulijikunja kidogo badala ya kupasuka. Hasara yake ni kwamba ulivuja mfululizo, na mabaharia hawakupumzika kufua maji. Hata hivyo, karne ya 19 ilikwisha mitepe ikiendelea kupeleka boriti Mombasa na Unguja.

Majahazi ya misumari nayo yana adha zake. Kati ya ubao na ubao fundi husokota pamba, huichovya kwenye mafuta, huishindilia kwa patasi na nyundo ya mti mpaka ufa unaziba. Hiyo ndiyo kalafati, na ukiwa karibu na mafundi wakongwe utagundua wanaifanya kwa sikio: mlio wa nyundo hubadilika pamba inapokaza. Halafu ziko kazi za bamvua. Maji yakijaa sana chombo husogezwa juu, yakitoka huwashiwa makuti chini ya tumbo ili kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha hupakwa shahamu, yaani mafuta ya wanyama, iliyochanganywa na chokaa. Ukikosa kufanya hivyo, wadudu hukibakisha chombo kama chujio. Sijaona hesabu ya faida ya biashara hii inayotaja gharama ya shahamu, na nadhani hapo ndipo wahesabuji wengi wanapokosea.

Kalenda inajulikana, sitaikalia. Tende huvunwa Ghuba mwishoni mwa kiangazi, kaskazi ilivishusha vyombo kuanzia Desemba, na kusi ilipoanza, Aprili, vilirudi. Juni na Julai kusi huwa kali, bahari ikafungwa. Kati ya kufika na kuondoka kulikuwa na muda wa kutosha kuuza, kununua, kuoa, na kwenda Rufiji.

Vyombo hivi vilibeba pia watu waliotekwa. Mkataba wa 1873 kati ya Sultan Barghash na Waingereza ulifunga soko la watumwa la Zanzibar na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Baadhi ya manahodha wa Sur, bandari ya Oman, walipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisiwapekue, na mgogoro wa bendera hizo ukafikishwa mahakama ya usuluhishi ya The Hague, hukumu ikatolewa 1905. Wanaoisifu bahari kwa mashairi ya tende na marashi tu huruka ukurasa huo.

Sasa turudi kwenye hoja yangu, kwa sababu meli za moshi ndizo zinazoithibitisha. Kampuni ya meli ya British India Steam Navigation ilianza safari za Zanzibar mwaka 1872. Tungetegemea majahazi yafe pale pale, na vitabu vingi vinasimulia hivyo. Lakini meli zilichukua vitu vya thamani na vya haraka: pembe, barua, abiria wenye fedha. Boriti hazina haraka, na meli ya chuma haiingii matopeni kuzifuata. Mwaka 1939, miaka zaidi ya 60 baadaye, baharia Mwaustralia Alan Villiers alikuwa ndani ya chombo cha Kuwait kilichokaa Rufiji wiki kadhaa, mabaharia wakihangaika na mbu na matope wakipakia mikoko. Kama pembe ndiyo iliyokuwa uhai wa vyombo hivi, visingeonekana tena kufikia wakati huo.

Kilichoviua ni mafuta. Ghuba ilipopata fedha ilianza kujenga kwa saruji na nondo, na mwenye saruji haulizii korija ya boriti. Vijana wa Kuwait waliokuwa mabaharia walipata kazi za nchi kavu. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yaliivuruga safari upande wetu, kisha mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kusafirisha mikoko nje, uamuzi niuungao mkono, maana misitu ilikwisha kuchoka.

Majahazi yaliyobaki, mengi yakiwa na mashine, huvuka kati ya bara na visiwani. Mara nyingi shehena iliyo chini kabisa, ikifanya kazi ya farumi, ni mifuko ya saruji.