Mollel, Laizer, Lukumay: jina la ukoo linasema nini kuhusu mlikotoka?

Daftari la mahudhurio la shule ya msingi upande wa Ngaramtoni au Kisongo huwa na majina yanayojirudia: Mollel, Laizer, Lukumay, Mollel tena, Laizer tena. Mwalimu aliyehamishiwa huko kutoka Mbeya au Mtwara lazima aulize kama watoto hawa wote ni ndugu. Wenyeji humjibu ndiyo. Akiendelea kudadisi, ataambiwa hapana. Majibu yote mawili ni ya kweli, na mtu akielewa sababu yake ataelewa jina la ukoo ni kitu gani hasa katika mkoa wa Arusha, na kwa nini halitoshi peke yake kumwambia familia yake ilipita wapi hadi kufika ilipo.

Jina la ukoo ni jina la kundi la watu wanaojihesabu uzao wa babu mmoja upande wa baba, hata kama hakuna aliye hai anayeweza kutaja vizazi vyote hadi kumfikia babu huyo. Ni kubwa kuliko familia, na mara nyingine ni kubwa kuliko kabila. Kwenye vyeti vyetu jambo hili hufichika, kwa sababu nafasi ya jina la tatu hujazwa lolote kati ya mawili: jina la babu au jina la ukoo. Edward Sokoine na Edward Lowassa, mawaziri wakuu wawili waliotoka Monduli, majina yao ya mwisho si ya koo kubwa za Kimaasai. Ukiyasikia huwezi kujua ukoo wao mpaka uulize. Kirilo Japhet, aliyesafiri hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwatetea Wameru, anajulikana kwa jina lake na la baba yake, basi. Lakini ukimsikia mtu anaitwa Mollel, hapo umeshaambiwa ukoo.

Mollel ni ufupisho wa Ilmolelian. Laizer ni Ilaiser, na Lukumay ni Ilukumai. Hizi ni kati ya koo kubwa za watu wanaozungumza Kimaa (lugha ya Wamaasai na Waarusha), pamoja na Ilmakesen na Iltaarrosero, na asili yake husimuliwa hivi. Babu wa kwanza alioa wake wawili. Mke mkubwa alipewa ng'ombe wekundu akajenga nyumba yake upande wa kulia wa lango la boma. Mke mdogo alipewa ng'ombe weusi akajenga kushoto. Mke mkubwa akazaa wana watatu, Lelian, Lokesen na Losero. Mke mdogo akazaa wawili, Naiser na Lukum. Uzao wa Lelian ndio Ilmolelian, uzao wa Naiser ndio Ilaiser, na wengine vivyo hivyo. Pande zile mbili bado zina majina yake: Odomongi, wenye maksai wekundu, na Orokiteng, wenye ng'ombe weusi.

Hata leo kwenye boma la Kimaasai nyumba ya mke mkubwa huwa kulia kwa lango na ya mke wa pili kushoto, kwa hiyo simulizi hili watoto hulijua kwa macho kabla ya kuambiwa. Kwa hesabu hiyo, Mollel wa Ngaramtoni na Laizer wa jirani yake wako pande mbili tofauti za lango, huku Laizer na Lukumay wakiwa watoto wa mama mmoja. Nimeona watu wanaopita juu juu kwenye simulizi hili wakiliona hekaya tu. Mimi naliheshimu sana, kwa sababu limebeba utaratibu mzima wa nani amsaidie nani. Mtu akiua, ng'ombe wa fidia huchangwa na ukoo. Mifugo hukatwa masikio na kupigwa chapa za koo, ili ng'ombe akipotea ajulikane ni wa nani. Na ndoa hukataliwa pale wazee wanapoona vijana ni wa tawi moja.

Kinachokosekana kwenye simulizi hili ni safari. Linasema babu alioa wawili, halisemi familia yako ilifikaje Sakina, hapa Arusha.

Safari yenyewe, kwa Waarusha, yaani wakulima wazungumzao Kimaa wa mlima Meru, inaanzia Arusha Chini. Eneo hilo liko kusini mwa mji wa Moshi, kwenye tambarare ambako sasa kuna mashamba ya miwa ya TPC. Mnamo miaka ya 1830 watu wazungumzao Kimaa waliokuwa wakiishi pale, wakilima kwa maji ya mito, walipanda kuja kukaa kwenye miteremko ya kusini magharibi ya mlima Meru. Walikuwa na uhusiano wa karibu na Wamaasai wa kundi liitwalo Kisongo, wakibadilishana nao mazao kwa mifugo, wakatahiriwa katika marika mamoja na kutumia majina yale yale ya koo. Ndiyo maana Mollel mkulima wa migomba na kahawa aliyezaliwa Ilboru, na Mollel mfugaji aliyezaliwa Longido, wana jina moja ingawa babu zao huenda hawajawahi kunywa kisima kimoja. Ilmolelian wengine wako Kenya, na hakuna aliyehitaji kuhama kutoka Arusha ili ukoo ufike huko.

Halafu kuna waliopokelewa. Hapa ndipo historia ya koo hizi inapokuwa nzito, na ndipo watu wengi wanapoinyamazia. Katika karne ya 19 Waarusha walikuwa wachache kwenye ardhi kubwa yenye rutuba, na walihitaji watu. Wakaingiza wengine kutoka Umeru na Uchaggani, baadhi kwa kuoa, baadhi wakiwa mateka wa vita waliolelewa kama watoto wa nyumbani. Kisha likaja janga. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Wamaasai karibu wote, na ndui ikafuata kwa binadamu. Wafugaji waliobaki hawana kitu walipanda mlimani kuomba hifadhi kwa wakulima. Aliyepokelewa alipewa mahali pa kulima, baada ya muda akapewa mke, na watoto wake wakakua ndani ya ukoo. Leo wajukuu wa wajukuu wao ni Laizer au Lukumay kamili, na hakuna mwenye haki ya kuwaambia vinginevyo. Ila mtu wa familia kama hiyo akitaka kujua alikotoka, jina lake la ukoo litampeleka kwa Naiser na mama yake, wakati babu yake halisi aliingia Arusha akiwa amebeba mtoto mgongoni.

Ukubwa wa ukoo nao hupotosha. Wakidongi, ambao ni ukoo wa malaibon (waonaji wa Kimaasai) waliomtoa Mbatiany na wanawe Lenana na Senteu, wanahesabiwa ndani ya Laizer. Basi kila mara utamsikia kijana wa jina hilo akitaniwa kwamba kwao ni waganga na waonaji. Lakini Laizer ni maelfu kwa maelfu, na Wakidongi ni tawi moja tu.

Ukivuka kwenda mashariki ya mlima, Akeri, Poli, Nkoaranga, majina yanabadilika: Kaaya, Mbise, Nnko, Pallangyo, Sumari, Nassari, Sarakikya. Hawa ni Wameru, na lugha yao inafanana sana na Kimachame. Masimulizi yao mengi yanataja Kilimanjaro kuwa njia waliyopitia, na baadhi ya koo hutaja Usambara. Kwao ukoo una kiongozi, mshili, na washili bado wanasuluhisha ugomvi wa mipaka na mirathi kabla mtu hajafika mahakamani. Jina la ukoo la Kimeru kwa hiyo limefungwa zaidi na sehemu ya mlima, na linaonyesha njia vizuri kuliko Mollel.

Hata hivyo karne ya 20 ililichanganya. Serikali ya Wajerumani ilitoa ardhi iliyozunguka mlima kwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliofika kuanzia mwaka 1904, na msitu wa juu ukafungwa. Wenyeji wakabanwa katikati. Mwaka 1951 Waingereza waliwahamisha Wameru wa Engare Nanyuki kwa nguvu, nyumba zikachomwa, na wengine wakapelekwa upande wa Kingori. Hiyo ndiyo kesi iliyompeleka Kirilo Japhet New York mwaka uliofuata. Familia moja yenye jina moja ikawa na makaburi ya babu mahali pamoja na mashamba ya watoto mahali pengine. Kwa Waarusha msukumo ulikuwa wa polepole zaidi: kadiri mashamba ya mlimani yalivyokatwakatwa, vijana walishuka kwenda Kisongo, Musa na Monduli.

Majirani zetu wa Moshi wana sababu yao ya pekee ya kutawanyika, nayo ni kihamba, shamba la familia linalorithiwa. Kwa desturi ya Kichagga mtoto wa kwanza wa kiume hutengewa sehemu mapema, na wa mwisho hubaki kwenye nyumba ya baba na kuirithi. Wa katikati hutafuta pao. Ndiyo maana Massawe, Swai au Kimaro uliyemkuta anauza vifaa vya ujenzi Arusha mjini mara nyingi ni mtoto wa katikati, au mtoto wa mtoto wa katikati, na Desemba lazima apande mlimani kuhesabiwa.

Kuna pia mikono iliyoyaandika majina haya. Wamisionari wa Kilutheri walifungua kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Waliobatizwa waliandikwa jina jipya la ubatizo pamoja na jina la baba. Ukoo uliongezwa baadaye shuleni, kazini au kwenye kodi, na kila karani alisikia kwa sikio lake. Ndiyo asili ya Laizer na Laiser, Mollel na Molel, Nnko na Nko. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na herufi tofauti kwenye vyeti vya shule, na usumbufu wake huonekana siku ya kufuatilia mirathi au kitambulisho cha taifa, pale wanapotakiwa kula kiapo kwamba ni watoto wa mzee yule yule. Tofauti ya herufi haina maana ya tofauti ya ukoo. Nasisitiza hili kwa sababu kuna vijana wanaojenga nadharia nzima za uhamaji juu ya herufi moja ya karani.

Kama jina halitoshi, wazee huuliza nini? Nenda kwenye posa yoyote ya Kiarusha. Kabla mambo ya mahari hayajaguswa, mzee wa upande wa binti humgeukia kijana: "Baba, wewe ni Mollel wa mlango upi?" Kijana akikwama, wazee wake hujibu kwa niaba yake. Mlango, au enkishomi kwa Kimaa, ni lango la boma alikotoka babu, na humaanisha tawi dogo la ukoo ambalo watu wake wanajuana kwa majina. Likishatajwa, mzee huendelea: babu yako alikuwa rika gani, na alitahiriwa wapi?

Swali la rika ndilo lenye thamani kuliko yote kwa mtu anayetafuta historia, kwa sababu rika ni kalenda. Marika hufuatana kwa mpangilio unaojulikana: Talala, Twati, Tareto, Terito, Nyangusi, Seuri, Makaa, Landis, Korianga. Kila moja huchukua takribani miaka 15 ya umorani. Talala ndio waliokuwa morani mwaka 1896, wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, walipouawa Akeri na Wajerumani wakalipiza kisasi kikali. Nyangusi walikuwa morani miaka ya 1940 na 1950. Mtu asiyejua mwaka wowote wa familia yake akisema "babu alikuwa Tareto, alitahiriwa Ilboru, na baba alikuwa Nyangusi, alitahiriwa Musa", ameshakupa uhamaji wenye tarehe: familia ilishuka kutoka mlimani kati ya miaka ya 1920 na 1940, wakati ule ule ardhi ilipobana. Hakuna cheti cha kuzaliwa cha wakati huo kitakachokupa hayo.

Kwa anayetaka kuanza, basi, aanze na mtu mzima kuliko wote aliye hai kwao, mwanamume au mwanamke. Bibi hasa asirukwe. Aliolewa kutoka ukoo mwingine, na anakumbuka aliletwa boma lipi, ng'ombe wangapi walitoka, nani alikuwa jirani, na nani kati ya wakwe zake alikuwa amepokelewa. Aulizwe mlango, rika la kila mzee, mahali pa kutahiriwa, na makaburi yako wapi. Yaandikwe kama anavyoyatamka, kwa herufi zozote.

Na akitaja kwamba babu fulani "alikuja", usimkatize kwa kumwambia kwamba sisi ni Laizer wa asili. Muulize alikuja na nani, na nani alimfungulia lango.