Anayekuja Kujitolea kwa Pomboo wa Kizimkazi: Kazi Ipi Inawafaa Pomboo?

Likizo za Ulaya na Marekani zikianza, vijana hushuka Unguja na mabegi yao ya mgongoni, na baadhi yao huelekea moja kwa moja kusini, Kizimkazi. Hawa hawakuja kutalii tu. Wamelipa ada kwa wakala wa kwao ili wakae wiki mbili, mwezi au hata miezi mitatu wakifanya kazi bila mshahara: kuhesabu pomboo, kuokota taka ufukweni, mara nyingine kufundisha watoto Kiingereza. Wenyeji huuliza, na sisi watu wa sayansi za bahari hukutana na maswali hayo kila tunapokwenda vijijini: mtu analipa ili afanye kazi? Na kazi yenyewe, pomboo inawafaa nini?

La kwanza ni la kibiashara na jibu lake ni fupi. Ada hiyo ndiyo inayonunua mafuta ya boti, inayomlipa nahodha na mpishi, na inayokodi nyumba. Sehemu yake, wakati mwingine kubwa, hubaki kwa wakala huko huko nje. La pili ndilo la kukaa nalo kitako.

Maji ya Kizimkazi yana aina mbili za pomboo wanaoonekana mwaka mzima. Walio wengi ni wale wa kijivu wenye mdomo mfupi mnene, ambao wanasayansi huwaita Tursiops aduncus. Wengine, wachache na waoga zaidi, ni wale wenye nundu chini ya pezi la mgongoni, Sousa plumbea, ambao duniani kote wamewekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Utafiti uliofanywa kati ya 1999 na 2002 ulikadiria kuwa hapo kuna pomboo 136 hadi 179 wa aina ya kwanza, na 58 hadi 65 wa aina ya pili. Ukiwajumlisha wote hawafiki wanafunzi wa shule moja ya msingi ya kijijini.

Uhusiano wa kijiji na wanyama hawa umegeuka ndani ya umri wa mtu mmoja. Hadi mwaka 1996 pomboo walikuwa wakiwindwa hapa ili nyama yao iwe chambo cha papa. Safari za kuwapeleka wageni kuwatazama zilikuwa zimeshaanza mwaka 1992, kwa hiyo kwa takriban miaka minne mnyama huyo huyo aliwindwa na akatazamwa na watalii katika maji yale yale. Hesabu ya wavuvi ilikuwa rahisi: pomboo aliye hai analipa kila asubuhi, aliyekufa analipa mara moja. Mwaka 1997 ikaanzishwa Hifadhi ya Ghuba ya Menai, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 470, ikisimamiwa pamoja na kamati za wavuvi za vijiji vinavyoizunguka. Kuwinda kukaisha. Matatizo hayakuisha.

Pomboo jike hubeba mimba kwa miezi 12 na huzaa mtoto mmoja. Atamnyonyesha mwaka na nusu, miwili, hata zaidi, na kwa kawaida huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Mnyama wa namna hii hana haraka ya kujaza pengo. Isitoshe anapumua hewa kama sisi, hivyo hawezi kulala usingizi mzito chini ya maji. Hupumzisha nusu ya ubongo huku nusu nyingine ikiendelea kumwinua juu kuvuta pumzi. Kundi lililopumzika unalijua ukilizoea: wanakwenda taratibu, wamekaribiana, wanaibuka na kuzama karibu kwa pamoja, hakuna anayeruka. Abiria wa boti ya utalii huliona kundi kama hilo akadhani pomboo wa leo wamepoa, anamwomba nahodha awasogelee.

Na hapo ndipo boti ya pili inapofika, na ya tatu. Zinalizunguka kundi, injini zinanguruma, wageni wanaruka majini na miwani zao, pomboo wanazama na kuibuka mbele zaidi, boti zinawakimbilia tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu pomboo wa pwani hii ya kusini ulionyesha kuwa boti za watalii zikiwepo, muda wa pomboo wa kupumzika, kutafuta chakula na kujumuika hupungua, na muda wa kusafiri huongezeka. Mama mwenye mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, maana nguvu anayoitumia kukimbia ni ile ambayo ingekuwa maziwa.

Tusidhani haya ni ya kwetu tu. New Zealand, katika ghuba iitwayo Bay of Islands, idadi ya pomboo ilishuka kwa asilimia 66 tangu 1999, na robo tatu ya watoto waliozaliwa walikuwa wakifa. Mwaka 2019 serikali ya huko ikapiga marufuku kuogelea nao. Marekani nayo, mwaka 2021, ilikataza watu kuogelea na pomboo warukao wa Hawaii au kuwasogelea karibu, kwa sababu wale hurudi pwani asubuhi kulala baada ya kuvua usiku kucha.

Kwa hiyo programu ya kujitolea inayotangaza kuogelea na pomboo kuwa sehemu ya uhifadhi inauza utalii wa kawaida kwa jina zuri. Nalisema wazi kwa sababu vijana wengi wanaolipa ada hawalijui, na wanaowapokea nao hawapendi kuliharibu soko. Mtu anaweza kukaa Kizimkazi mwezi mzima, akawa na faida kubwa kwa pomboo, na asiloweshe hata kisigino.

Faida hiyo inapatikana hivi. Nahodha akiona mapezi hupunguza mwendo mapema, akalifuata kundi kwa ubavu, kasi moja nalo, bila kulikata njia mbele wala kupita katikati yake. Mmoja ndani ya boti anaandika saa, mahali palipoonyeshwa na kifaa cha satelaiti, hali ya bahari, idadi ya pomboo, watoto wangapi, wanafanya nini, na boti nyingine ngapi zipo. Hilo la mwisho husahaulika sana, na ndilo linalotuwezesha kupima athari za utalii. Mwingine ana kamera yenye lenzi ndefu. Uso wa pomboo na kuruka kwake havimhusu. Anatafuta pezi la mgongoni, lionekane ubavu kamili, jua likiwa nyuma ya mpiga picha. Picha nyingi zitatoka maji matupu.

Kazi yenyewe huanza jioni. Ukingo wa nyuma wa pezi la pomboo ni mwembamba, na maisha humwachia alama: ameng'atwa na mwenzake, ameponea kwa papa, amekatwa na uzi wa nyavu au panga za injini. Pezi moja lina mwanya mpana karibu na ncha na vijipengo viwili chini yake. Jingine limekatika ncha kabisa. Picha ya leo inalinganishwa na kila picha iliyomo kwenye orodha, moja baada ya moja, mpaka mwenyewe apatikane au ithibitike kuwa ni pomboo mpya. Kwa njia hii unajua kwamba jike fulani alionekana na mtoto mwaka juzi, na mwaka huu yuko peke yake. Ni kazi ya kuchosha macho, haina sifa, na inataka watu wengi wenye subira. Watu wa kujitolea wanaiweza hasa. Huko Shimoni na Wasini, upande wa Kenya, takwimu na picha zilizokusanywa kwa miaka kuanzia 2006 kwa msaada wa watu wa kujitolea zilikuja kutumiwa na wanasayansi kueleza maeneo wanayoyategemea pomboo ndani na nje ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti.

Ila macho huchukua muda kuzoea. Katika siku za mwanzo mgeni huhesabu kila wimbi, au huhesabu pomboo mmoja mara tatu. Kwa maoni yangu programu ya wiki mbili inamfundisha mgeni zaidi kuliko inavyotusaidia. Anaondoka pale pale alipoanza kufaa. Mwezi ni afadhali, miezi mitatu ni neema.

Kuna na suala la majira, ambalo mawakala hawalitaji. Wengi wa wageni hawa huja Juni hadi Agosti, kwa kuwa ndipo vyuo vyao vinapofungwa. Huku kwetu hiyo ni kusi. Upepo unavuma, bahari ya nje imechafuka, siku nyingi boti haitoki, na ikitoka mapezi hayaonekani vizuri kwa ajili ya mawimbi. Miezi ya kaskazi, bahari ikiwa shwari, wahesabuji ni wachache. Daftari likijaa Julai na kubaki tupu Februari, anayelisoma anaweza kudhani pomboo wamehama, kumbe waliohama ni watu. Programu inayojali sayansi huwa na wafanyakazi wa kudumu, wenyeji, wanaoendelea kuandika hata asipokuwepo mgeni hata mmoja.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, mgeni wa kujitolea huwa haioni kabisa, maana hutokea usiku. Ni jarife. Nyavu hizi za macho makubwa hutegwa jioni kwa ajili ya jodari, nduwaro na papa, na kuvutwa alfajiri. Pomboo akinaswa hawezi kuibuka kuvuta pumzi, anakufa kwa kukosa hewa. Mtafiti Mzanzibari Omar Ali Amir aliyafanyia kazi mambo haya kwa miaka, hadi shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stockholm mwaka 2010. Matokeo ya tafiti za namna hiyo hapa Unguja yalionyesha kuwa vifo vya kwenye jarife ni vingi kuliko pomboo hawa wachache wanavyoweza kufidia kwa kuzaa. Hakuna mvuvi anayetaka kumnasa pomboo. Nyavu inachanika na siku inaharibika. Lakini mvuvi huyo hamwelezi mgeni wa wiki mbili anayemjia na mkalimani. Anamweleza bwana diko, yaani msimamizi wa diko, mahali wavuvi wanaposhushia samaki, au kijana wa mtaani anayekaa naye dikoni akishona nyavu. Habari ya jarife inapatikana kwa Kiswahili, na kwa watu wanaoaminiana.

Ndiyo maana ningependa kila programu ya pomboo imchukue kijana wa kijiji kwa kila mgeni inayemleta, afunzwe kamera ile ile na kompyuta ile ile. Vijana wetu wasisubiri kualikwa: Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa Unguja, na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi ya Bahari ya Hindi, ina makao yake Zanzibar na hutoa ruzuku za utafiti kwa watu wa ukanda huu. Anayejua kuogelea, anayeandika kwa uangalifu na anayeelewana na wavuvi ana mtaji ambao mgeni hawezi kuununua.

Utaratibu nao una mahali pake. Mgeni anayejitolea Tanzania anatakiwa awe na kibali cha ukaazi daraja C. Visa ya utalii haimruhusu kufanya kazi, hata ya bure. Utafiti Zanzibar unahitaji kibali chake cha Serikali ya Mapinduzi. Mwenye nyumba au nahodha anayeingia mkataba na programu aombe kuviona, kwa sababu vikikosekana na yeye ataulizwa. Na shule zisikubali kila anayekuja kuwafundisha watoto kwa siku kumi: mtoto anahitaji mwalimu atakayekuwepo hata baada ya Agosti.

Jambo moja linamhusu kila mkaazi wa pwani, awe na mgeni au asiwe naye. Tarehe 28 Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa ufukweni kati ya Nungwi na Kendwa. Watu waliwahi kuwapasua na kuchukua maini kwa ajili ya sifa, yaani mafuta ya kupaka vyombo vya baharini, na chanzo cha vifo hivyo hakikuthibitishwa. Ukimkuta pomboo aliyekufa, usimpasue wala usimle. Mpige picha, hasa pezi la mgongoni, na umjulishe sheha au bwana diko mara moja. Akiwa hai, mlaze kwa tumbo, mfunike kwa kitambaa kibichi na kumwagia maji bila kuziba tundu la pumzi lililo juu ya kichwa, mkinge na jua, na usimburute kwa mkia. Watu wapungue karibu naye. Kelele humzidishia hofu.

Nirudi kwenye picha za mapezi, kwa kuwa kuna swali ambalo wenyeji hawaliulizi. Zinakwenda wapi? Mgeni anaondoka na kamera yake, meneja wa programu anabadilika, wakala anafunga biashara, na orodha ya miaka mitano inabaki kwenye kompyuta ya mtu asiyepatikana tena. Wenye dhamana ya hifadhi wanaweza kuliweka hili kuwa sharti: nakala ya picha zote, na ya daftari zote, ikabidhiwe kila msimu kwa idara inayosimamia ghuba na kwa kamati ya wavuvi, kabla programu haijapewa ruhusa ya msimu unaofuata. Sharti hili halimgharimu mtu zaidi ya diski moja.